Kisiwa Kisichochoma Majani

Nilikwenda Ukara kwa sababu baba mdogo alitaka kutugawa.

Wazazi wetu walikuwa wamefariki wote wawili, baba akitangulia na mama akimfuata. Mimi, nikiwa mkubwa, niliacha shule darasa la sita ili nikae na wadogo zangu: Masanja, Limi na Sitta. Tulibaki na nyumba, shamba la mteremko nje kidogo ya Bariadi, na ng'ombe jike mmoja mwenye ndama. Ng'ombe wengine walikwisha kwa maradhi na kwa misiba.

Baba mdogo Mayunga hakuwa mtu mbaya, na hilo nataka lieleweke mapema. Alikuwa amehamia Bukundi, Meatu, kwenye malisho mapana, na ng'ombe wake walikuwa wamenenepa. Msimu ule pamba ilipokwisha kuchumwa alikuja kutuona. Alitembea shambani, kisha akaupiga teke udongo, ukatimka kama unga.

"Kabula, ng'wanone, mwanangu," akasema, "shamba hili limekufa. Pamba imelila lote. Ardhi ikichoka watu wanahama, ndivyo tunavyoishi. Masanja na Sitta nitakwenda nao Bukundi, wachunge. Limi atakaa kwa shangazi yako kule Sola. Wewe umekuwa mtu mzima, utaolewa."

"Na shule yao, baba?"

"Shule! Ng'ombe atachungwa na nani, mwalimu mkuu?"

Ilikuwa miaka ya soko huria. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na mizani zao, na ushirika uliokuwa ukitukopesha mbolea na dawa ukawa kama mtu aliyehama bila kuaga. Mbolea ya dukani ilikuwepo, tena mlangoni kabisa, lakini watu kama sisi tuliitazama tu tukapita. Kwa hiyo baba mdogo hakusema uongo. Mahindi yetu yalikuwa yakitoka na rangi ya njano, na magunzi yake yalikuwa kama kidole.

Nilimwomba asubiri. Akanitazama sana, kisha akasema maneno ambayo sikuyasahau njia nzima: "Nionyeshe vinywa vinne vitakulaje kwenye mchanga huu, nami nitawaacha mkae pamoja. Nitarudi kabla ya mvua. Usiponionyesha, nafungasha watoto."

Sikuwa na la kumwonyesha. Ila nilimfahamu Mkara mmoja aliyeitwa Magesa, mpakiaji wa marobota kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, ambaye kazi yake ya pili ilikuwa kututania.

"Ninyi Wasukuma ni watu wa ajabu," alipenda kusema. "Ng'ombe wengi kuliko nywele za kichwa, mashamba yanakufa njaa. Kwetu Ukara, kisiwani, mtu ana ng'ombe wawili na shamba kama mkeka, na hajahama tangu babu wa babu yake."

"Angehamia wapi?" nilimjibu siku moja. "Ziwani?"

"Ndiyo maana ilibidi atumie akili."

Siku zote nilicheka. Safari hii nilimfuata nikamwuliza kama anasema kweli au anatania. Akaacha kucheka. Akaniambia nikamtafute dada yake, Nabwire, karibu na Bwisya, nikaone kwa macho yangu. Jirani yetu alikubali kulala na watoto. Nikafunga nguo zangu kwenye khanga, nikaondoka.

Bariadi hadi Nassa. Magesa alinipatia nafasi kwenye lori la marobota lililokuwa likienda Mwanza. Niliketi juu ya pamba, nikaiona nchi yetu kwa urefu kuliko nilivyowahi kuiona. Kulikuwa na mbuga ya udongo mweusi iliyopasuka nyufa za kuingia mguu, kisha mwinuko wa mchanga mwekundu, kisha vilima vya mawe makubwa yaliyopangana kama mtu aliyapakua yakamshinda kuyapakia tena. Miti ilikuwa michache, na ng'ombe walikuwa kila mahali wakitafuta majani mafupi kuliko midomo yao. Na kila upande kulikuwa na moshi. Ilikuwa majira ya kung'oa vishina vya pamba na kuvichoma ili wadudu wafe. Ndivyo tulivyoagizwa, na ni kweli wadudu hufa. Lakini tukishawasha moto wa vishina hatuzimi hapo. Tunachoma na mabua, na nyasi, na majani ya uani. Kinyesi cha ng'ombe nacho, mahali pasipo na kuni, tunakikausha tukakipikia ugali. Siku ile sikuona ajabu yoyote. Niliona watu wasafi wanasafisha mashamba yao.

Nassa nilishuka alasiri. Ufukweni kulikuwa na magari yenye barafu yakisubiri sangara, na vijana waliokimbia na samaki mabegani kama wanakimbizwa. Nilinunua kipande cha samaki wa kukaanga nikakaa na mama mmoja muuza chai, aliyenipa pa kulala baada ya kuniuliza ukoo wangu wote.

"Ukara?" alisema. "Umefuata mume?"

"Nimefuata udongo, mayu."

"Basi umepotea. Kule ni mawe matupu."

Nassa hadi Ukerewe. Asubuhi nilipanda boti ya mbao yenye injini iliyokuwa inakwenda Nansio. Sikuwahi kuingia kwenye maji yanayozidi goti, na nilipoona ukingo wa boti umebakiza kiganja kimoja tu kufikia ziwa, nilishika gunia la mtu nikalikumbatia. Nahodha akacheka.

"Dada, hilo gunia lina mihogo. Tukizama halielei."

Ghuba ilikuwa shwari. Nyuma yetu nchi ya Usukuma ikawa mstari, kisha vumbi, kisha haikuwepo. Mbele kikatokea Ukerewe, kijani kilichoiva, na miti ya machungwa na mihogo hadi karibu na maji. Pale Nansio nilipata mwenye baiskeli akanibeba hadi Bugolora, upande wa pili wa kisiwa. Njia ilikuwa ya mchanga mwepesi, na mara kwa mara nilishuka tukasukuma baiskeli pamoja.

Bugolora ndipo nilipoiona Ukara kwa mara ya kwanza. Iko ng'ambo ya mlango mwembamba wa maji, na nilipoiona moyo ulishuka. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba kisiwa kinacholisha watu wengi hivyo lazima kiwe na udongo mweusi, mzito, kama ule wa mbuga zetu bora. Nilichokiona kilikuwa vilima vya mawe. Yalikuwa mawe ya kijivu yale yale ya kwetu, mengine yamesimama ndani ya ziwa kama ng'ombe waliokwenda kunywa wakasahau kurudi. Mtumbwi ulionivusha ulipogusa mchanga wa Bwisya, niliinama kabla sijamsalimia mtu, nikachota udongo, nikausugua. Ulikuwa mweupe, wenye chembechembe zinazokwaruza. Sisi tunauita luseni, udongo unaotokana na mawe kuoza, ambao mvua ikinyesha maji yanapita kama kwenye kichujio. Ni huo huo uliokuwa kwenye shamba la baba. Tena wetu ulikuwa na wekundu kidogo, huu haukuwa hata na rangi.

Nilikaa juu ya jiwe na khanga yangu mapajani. Kwa muda nilifikiri kugeuza na mtumbwi ule ule.

Nyumbani kwa Nabwire. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kusikika hadi kijiji cha pili. Mume wake alikuwa kwenye kambi za uvuvi, na watoto wake wawili walikuwa shuleni. Nilipomtajia Magesa alipiga kofi.

"Huyo mvivu! Alikimbia kubeba mavi ya ng'ombe, sasa anabeba pamba za watu. Karibu, Msukuma. Umekuja kuhesabu ng'ombe wetu? Utamaliza kabla chai haijapoa."

Nyumba yake ilinishangaza. Upande mmoja walilala watu. Upande wa pili kulikuwa na shimo lililokaribia kiuno changu, na ndani yake ng'ombe wawili wadogo wakitafuna taratibu, kama wageni waliokaribishwa sebuleni. Chini yao palikuwa na matandiko ya majani makavu. Niliuliza kama wanaumwa. Kwetu ng'ombe hafungwi ndani mchana ila akiwa mgonjwa au akiwa wa wizi.

"Hawaumwi," alisema Nabwire. "Wako kazini."

Sikumwelewa. Nilikula uwele na dagaa, nikalala.

Asubuhi ya kwanza. Mgeni mwenye adabu huamka kabla ya mwenyeji. Niliamka alfajiri, nikatafuta ufagio, nikafagia uwanja wote wa Nabwire. Pembeni kulikuwa na mkuyu mkubwa uliomwaga majani mengi usiku ule. Niliyakusanya yote, nikayarundika mahali pamoja na yale niliyoyakuta yamerundikwa nyuma ya nyumba, nikachukua kaa la moto jikoni, nikawasha. Moto ulishika vizuri. Nilisimama na ufagio wangu nikiuangalia ule uwanja, nikajisikia nimefanya jambo la kusifiwa.

Nabwire alitoka kwa kelele ambazo sijawahi kusikia hata msibani.

"Moto! Msukuma ananichomea! Jamani njooni, ananichomea!"

Alimwaga mtungi mzima wa maji juu ya lile rundo, akalikanyaga kwa miguu mitupu, lakini lilikuwa limekwisha kuwa jivu. Majirani walijaa. Mimi nilikuwa bado nimeshika ufagio.

"Dada," Nabwire aliniambia, akihema, "unajua umechoma nini?"

"Takataka."

"Takataka!" Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Anasema takataka!"

Akatokea jirani aliyeitwa Bwire, mfupi, mwenye ndevu chache, akauzunguka ule mduara mweusi kama mtu anayekagua kaburi. Ndipo nilipoelezwa. Mkuyu ulikuwa umesimama kwenye kiwanja cha Nabwire, lakini haukuwa wake. Ulipandwa na babu yake Bwire, na mti Ukara ni wa aliyeupanda na wazao wake, hata ukisimama kwenye ardhi ya mwingine. Majani yanayoanguka waligawana nusu kwa nusu. Lile rundo la nyuma ya nyumba lilikuwa fungu la Bwire la kiangazi chote. Lingetandikwa chini ya ng'ombe, lilowe mkojo, likanyagwe na mavi, na mvua zikikaribia lipelekwe shambani. Nilikuwa nimechoma mbolea ya shamba lake la uwele.

"Umechoma ugali wa wanangu," Bwire alisema. Kisha, kwa kuwa watu walikuwa wengi na hakutaka kuonekana analia, akaongeza: "Sasa nifanyeje? Nimle huyu mgeni leo, au nimwache anenepe kwanza?"

Watu wakacheka. Mimi sikuweza. Nilipiga goti, nikasema nitalipa.

"Utalipa kwa nini?"

"Kwa majani. Nitaokota mengine."

Hapo walicheka zaidi, na Nabwire akatingisha kichwa. "Utayaokota wapi? Kisiwa hiki kila jani lina mwenyewe. Ukiinama popote unaiba."

Nilitazama huku na huko. Ilikuwa kweli. Hata nyasi za kando ya njia zilikuwa zimekatwa usawa, kama kichwa kilichonyolewa. Nikatazama chini kwenye maji.

"Ziwa nalo lina mwenyewe?"

Bwire akakuna ndevu. "Ziwa," akasema, "bado halijagawanywa."

Ziwani. Kwa hiyo siku zangu za Ukara nilizitumia kulipa, na katika kulipa ndipo nilipojifunza. Kama wangenikaribisha tu kwa chai, ningerudi na maneno matupu.

Pwani ya Ukara haina mchanga wa bure. Kwenye ukingo watu wamechimba mabonde madogo hadi kwenye unyevu wa ziwa, wakayazungushia kingo, na ndani yake wamepanda majani ya ng'ombe. Kiangazi kikali, wakati kwingine kote kumekuwa rangi ya mfupa, mle ndani ni kijani. Kila bonde lina mwenyewe na mpaka wake wa mawe. Ilibidi nivuke hayo yote niingie kwenye maji yenyewe, hadi kiunoni, mimi niliyekumbatia gunia la mihogo kwenye boti, niyavute magugu yanayoelea na matete yaliyokatika. Watoto waliotoka shule walikaa juu ya mawe kunitazama.

"Msukuma, mamba huyo!" walipiga kelele, nami nikaruka kila mara, nao wakagaagaa kwa kicheko.

Niliyaanika magugu juu ya mwamba, yakikauka nikayabeba kichwani hadi kwa Bwire. Siku ya kwanza aliyapokea, akageuka kwenda kuyarundika. Baadaye alianza kuniuliza habari za Bariadi, na kama ni kweli mtu mmoja anaweza kuwa na ng'ombe asiowajua kwa sura.

"Na mavi yao yote hayo yanakwenda wapi?" aliuliza.

"Njiani. Porini. Mengine tunapikia."

Alishika kichwa kama mtu aliyesimuliwa habari za msiba.

Jioni nilimsaidia Nabwire shimoni. Aliniingiza kwa makusudi. Unatandika majani makavu, ng'ombe anakanyaga, unatandika tena. Sakafu inapanda polepole hadi ng'ombe anakaribia kutoka nje bila kupanda. Hapo unachimbua yote, meusi, mazito, yenye joto hata asubuhi ya baridi, unayapeleka shambani kwa vikapu. Nilibeba vikapu hivyo hadi shingo ikagoma. Mgongo wa Nabwire ulikuwa umepinda kidogo upande mmoja, na sikuhitaji kuuliza sababu.

"Usidhani hapa ni peponi," aliniambia tukipumzika. "Vijana wanakimbia kazi hii. Wanakwenda kwenye sangara, kwenye barafu, Mwanza. Anayebaki anabeba. Lakini tunakula."

Juu ya kilima. Siku moja Nabwire alinipandisha kilimani tukapeleke njugu mawe kwa shemeji yake, na huko juu nikakiona kisiwa chote. Ukara ni kama ungo. Vilima vya mawe viko pembeni, kaskazini na kusini, na katikati kuna tambarare inayoteremka hadi ziwani. Mvua ikipiga miamba, mwamba haunywi. Maji yote yanateremka hadi miguuni pake. Kwetu pia ni hivyo, na maji hayo ndiyo yaliyokuwa yakichukua udongo wa baba kila mwaka, tukiyaangalia. Ukara yanakutana na ukuta mdogo wa mawe, yanaambiwa ngoja. Yakipita huo yanakutana na mwingine. Yakifika bondeni yamekwisha kuchoka, yanaingia kwenye mpunga kwa upole, kisha vijito vinayafikisha ziwani yakiwa karibu masafi.

Mashambani kwenye uwele nilionyeshwa mabua ya mmea mwingine, ambao wakulima wanauita marejea. Unapandwa katikati ya nafaka, unaachwa ukue baada ya mavuno, kisha unafukiwa ungali mbichi. Hauliwi na mtu. Ni chakula cha udongo.

"Na hamjawahi kuuchoma?" niliuliza, nikijitania mwenyewe.

"Kabula," alisema Nabwire, "hapa hata moto wa sigara tunautazama."

Tulikuwa tumekaa pale juu wakati wa mchana, na chini kengele ya shule ikalia. Watoto wakatoka, wengi, wavulana kwa wasichana. Niliwatazama wakitawanyika kwenye vijia. Wavulana wakubwa walikuwa wengi sawa na wadogo. Kwetu darasa la wavulana lilikuwa likipungua kila kiangazi, kwa sababu ng'ombe wanakwenda mbali na mtu lazima aende nao.

"Hawa hawachungi?" niliuliza.

"Wachunge nini? Ng'ombe yuko ndani. Asubuhi anakatiwa majani, jioni anakatiwa majani. Katikati hapo mtoto ana kazi gani?"

Nilisimama. Nabwire alidhani nimeumwa na mdudu. Kumbe nilichokifuata si mbolea tu. Baba mdogo alitaka wavulana kwa sababu ng'ombe anahitaji mchungaji. Ng'ombe aliye shimoni hahitaji mchungaji. Anahitaji mundu.

Kurudi. Bwire alihesabu deni limekwisha kwa jicho, akasema rundo langu limezidi lile nililochoma, na asipolisema hilo Mungu atamwona. Nabwire alinifungia mbegu za marejea kwenye kitambaa na njugu mawe kwenye kibuyu. Hakuniaga kwa machozi.

"Ukifika kwako," alisema, "weka ufagio mbali na kiberiti."

Boti ya kurudi ilikumbana na upepo, maji yakaingia, na tulichota kwa makopo hadi Nassa. Sikuomba gunia la mtu. Nilichota.

Bariadi. Watoto walinipokea kwa kelele, kisha niliposema tunachimba shimo la ng'ombe nyumbani, kelele zikaisha. Masanja alikuwa na umri wa kuona haya.

"Watu watatucheka, dada."

"Watacheka wakiwa wapi? Wakitucheka hapa, maana yake bado tuko hapa."

Tulichimba nyuma ya nyumba, tukaezeka. Sitta alikata nyasi kando ya mfereji, Limi alikusanya majani ya viazi na mabua ya mahindi ya majirani waliokuwa wakitaka kuyachoma. Tulipita nyumba kwa nyumba tukiomba takataka. Waliocheka walicheka. Mmoja aliuliza kama ng'ombe wetu amefungwa kwa kosa gani. Limi akamjibu kuwa kesi yake itasikilizwa mavuno. Mwisho tukapanga mawe kwenye mteremko, mistari mitatu mifupi, kwa kuwa nguvu zilitosha hiyo tu.

Baba mdogo alirudi mawingu yakiwa yameanza kukusanyika. Alisimama juu ya shimo, akachungulia ndani.

"Mmemzika akiwa hai," alisema.

"Yuko kazini, baba."

Nilimweleza yote. Alisikiliza kama Msukuma anavyosikiliza habari za kumfunga ng'ombe, yaani kwa maumivu. Nikamwambia: wewe ulitaka wavulana kwa ajili ya ng'ombe wako, na hilo siwezi kulipinga kwa heshima. Lakini ulisema utawaacha nikikuonyesha. Chakula sijaweza kukuonyesha, kwa sababu mvua haijanyesha. Ninachokuonyesha leo ni kwamba ng'ombe huyu haondoi mtoto darasani. Nipe msimu mmoja. Mavuno yakisema uongo, nitawafungasha mwenyewe.

Akawaita Masanja na Sitta, akawauliza wanataka nini. Masanja aliinama. Kijana wa kwetu hukua akiota kundi kubwa la ng'ombe, na sikujua atasema nini. Akasema, "Baba, nikimaliza darasa la saba nitakuja kukusaidia. Nikiwa nimemaliza." Sitta akasema anataka kukaa na Masanja.

"Msimu mmoja," alisema baba mdogo.

Sitawadanganya kuwa shamba lote lilifufuka. Samadi ya ng'ombe mmoja na ndama ilitosha kipande kidogo tu, kile cha juu kilicho karibu na nyumba, na tuliifukia kwa mikono yetu wenyewe. Kwingine mahindi yalitoka na njano yao ya kila mwaka. Marejea yalichipua vizuri mahali palipokuwa na mawe, pasipo na mawe yakaondoka na maji. Lakini kile kipande kilisimama. Kilikuwa kijani cha kuumiza macho, na mpaka kati yake na shamba la zamani ulikuwa umenyooka kama ulichorwa kwa kamba.

Baba mdogo alipokuja wakati wa mavuno hakuingia ndani kwanza. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye ule mpaka, akaweka mguu mmoja huku na mwingine kule. Akamenya hindi moja kutoka kila upande. Akayashika yote mawili kwa muda, kisha hindi la upande wa kijani akalitia mfukoni mwa koti.

"Kipande hiki hakilishi watu wanne mwaka mzima," alisema.

"Hapana, baba. Kinalisha hadi karibu na mvua. Mwakani kitakuwa kimeongezeka, maana ndama atakuwa mkubwa."

"Na hapo katikati?"

"Hapo katikati nitalima vibarua, kama nilivyolima mwaka huu."

Alicheka kidogo, kwa pua. "Shangazi yako Sola ameshamtengea Limi pa kulala. Nitamwambia nini?"

"Mwambie atakwenda kutembea likizo."

Nimesafiri mara moja tu katika maisha yangu, na mara hiyo nilikwenda mahali penye udongo mbaya kuliko wetu. Nikaona kwamba mkulima wa bara akichoka na ardhi anaitazama njia. Mkulima wa kisiwani anatazama njia anaona maji, kwa hiyo anarudi kuitazama ardhi, na kila kinachoanguka juu yake anakirudisha ndani yake. Sisi pia tulikuwa tumezungukwa, ingawa si kwa maji. Tungetoka pale, tungetoka kila mtu na njia yake.

Baba mdogo alilala kwetu usiku mmoja. Asubuhi alichukua fimbo yake akashika njia ya Bukundi, peke yake. Watoto wakaenda shule. Mimi nikachukua koleo nikashuka shimoni.